Kaburi la Sita

Askari sita wa Texas wanaingia kwenye korongo la mawe, wakimfuata mtu aliyewaambia kwamba njia anaijua. Mtu huyo ameshawauza. Juu ya miamba genge la Butch Cavendish limejilaza na bunduki, linawasubiri, na baada ya dakika chache hakuna hata mmoja aliyebaki kwenye tandiko. Kisha anatokea kijana wa wenyeji asili wa nchi ile. Anapita kwa mmoja mmoja, na anamkuta mmoja bado anapumua. Anamwondoa pale, anamfunga majeraha, anamuuguza. Halafu anaanza kazi ya kuzika. Waliokufa ni watano. Yeye anachimba makaburi sita, ili Cavendish akirudi kuhakikisha akute hesabu imetimia, na yule mmoja apate kuishi kwa kuwa ameshahesabiwa maiti.

Hivyo ndivyo mfululizo wa The Lone Ranger ulivyoanza kwenye televisheni ya ABC nchini Marekani, Alhamisi ya tarehe 15 Septemba 1949. Ulikuwa mchezo wa watoto wa nusu saa, picha nyeusi na nyeupe hadi msimu wa mwisho uliopigwa kwa rangi, ukidhaminiwa na kampuni ya General Mills iliyokuwa ikiuza nafaka za boksi za kifungua kinywa. Mimi nimeutazama nikiwa mtu mzima na nimeupenda kwa moyo wote, na anayenirudisha kwake kila mara ni huyo aliyeshika koleo. Kwenye mchezo anaitwa Tonto. Mwigizaji wake alikuwa Jay Silverheels.

Sisi wa Tanzania Bara tumelelewa na redio. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini huku kwetu kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1994. Makauboi tuliwakuta kwenye mabanda ya video, wakichanganyika na filamu za Kihindi na za karate, na mle bandani tukajifunza sheria za filamu ambazo hakuna aliyeziandika. Steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Adui mkubwa anawekwa mwisho. Na rafiki wa steringi lazima afe katikati, ili steringi apate hasira ya kumalizia kazi. Ukimwona rafiki anacheka sana na kumwonyesha mwenzake picha ya mchumba wake, ujue huyo kanda haimalizi.

Kwa mtu mwenye sheria hizo kichwani, kipindi kile cha kwanza kinashtua. Anayekaribia kufa ni steringi, na rafiki ndiye anayemwokoa. Rafiki huyo akaendelea kuishi kwa miaka minane na vipindi 221, hadi mfululizo ulipokoma mwaka 1957.

Nilivipata vipindi vya mwanzo kwenye intaneti, kwa sababu hakimiliki ya baadhi yake ilishakwisha. Kilichonikamata kwanza ni sauti. Mtangazaji anakuambia kwamba farasi anakuja mbio, na kweli farasi anakuja mbio mbele ya macho yako. Anakuambia kwamba usiku umeingia, nawe unauona usiku. Mtu aliyezoea picha za leo atasema hayo ni maneno ya ziada. Mimi niliyekaa jioni nyingi sikio likiwa kwenye michezo ya Radio Tanzania niliitambua lugha hiyo papo hapo. Huo ni mchezo wa redio uliotiwa picha.

Na kweli ulitoka redioni. Ulianza mwaka 1933 katika kituo cha WXYZ cha mjini Detroit. Mwenye kituo alikuwa George W. Trendle, na mwandishi mkuu alikuwa Fran Striker, mtu wa Buffalo, aliyekuwa akichapa kurasa kwa kasi inayotia huruma. Muziki wa kufungulia ulikuwa sehemu ya mwisho ya utangulizi wa opera ya Rossini kuhusu William Tell, muziki wa mwaka 1829 ambao haukudai malipo kwa mtu yeyote. Hadi redio ilipoacha kutengeneza vipindi vipya mwaka 1954, vilikuwa vinakaribia 3,000. Mwaka 1941 Earle Graser, mwenye sauti ya shujaa, alifariki katika ajali ya gari. Waandishi wakaandika kwamba shujaa amejeruhiwa vibaya. Kwa vipindi kadhaa akawa ananong'ona tu huku Tonto akiibeba hadithi, mpaka wasikilizaji walipokuwa tayari kuipokea sauti mpya ya Brace Beemer. Yeyote aliyewahi kuandika mchezo wa redio atawavulia kofia kwa hilo.

Tonto mwenyewe alizaliwa kutokana na shida ya redio. Katika vipindi vya mwanzo kabisa hakuwepo. Shujaa alikuwa peke yake porini, na mtu aliye peke yake porini hana wa kumwambia "nimeona nyayo, wamekwenda kaskazini." Redioni, kisichosemwa hakipo. Ikabidi atafutwe mwenzi wa kusema naye. Kwa miaka ile yote sauti ya mwenzi huyo ilitolewa na John Todd, mzungu, mzee wa jukwaani. Kwa hiyo mtu ambaye watoto wa Marekani walimpenda kama mwenyeji asili alianza akiwa sikio la steringi, tena kwa koo la mtu mwingine kabisa.

Televisheni ilipokuja, sauti peke yake haikutosha. Ulihitajika mwili, na hasa uso.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Shujaa wa mfululizo huu amevaa barakoa. Kisa cha barakoa yenyewe ni kizuri: aliyepona ni Reid, na kapteni aliyeuawa pale korongoni alikuwa kaka yake wa damu. Barakoa inakatwa kutoka kwenye kizibao cha marehemu. Kwa hiyo anazunguka nchi nzima na nguo ya msiba machoni, na sijaona mchezo mwingine wa watoto uliothubutu kuweka jambo zito namna hiyo kwenye mavazi ya shujaa wake. Lakini barakoa ina gharama yake. Macho unayaona kwa mbali kwenye matundu mawili, nyusi huzioni, paji la uso limekatwa nusu. Clayton Moore aliyemwigiza, mzaliwa wa Chicago aliyewahi kuwa mwanasarakasi wa bembea, alilazimika kuigiza kwa kidevu, mabega na sauti. Aliiweza kazi hiyo. Sauti yake nzito na mgongo wake ulionyooka vilitosha kukuambia huyu ni mtu wa haki.

Ila jicho la mtazamaji linatafuta uso, na hasa jicho la mtoto. Hofu, shaka, huruma, furaha ndogo ya kumwona mgonjwa amefumbua macho, yote hayo yalipaswa kukaa mahali. Yakakaa usoni kwa Silverheels. Wiki baada ya wiki, uso pekee uliokuwa wazi pale katikati ya picha ulikuwa uso wa mtu wa taifa la Mohawk.

Mwaka 1952 ndipo jambo hili lilipojaribiwa. Moore aliondolewa, na barakoa akapewa John Hart. Mtu angedhani barakoa ni barakoa: kofia ileile, farasi mweupe yuleyule, risasi za fedha zilezile. Vikatengenezwa vipindi 52. Watazamaji hawakumkubali kama walivyomkubali wa kwanza, na mwaka 1954 Moore akarudi. Katika kwenda na kurudi huko, aliyebaki palepale alikuwa Silverheels. Steringi alibadilishwa, mwenzi hakubadilishwa. Alipougua moyo katikati ya miaka ya 1950, waandishi hawakumtafutia Tonto mwingine. Walimwingiza Dan, mpwa wa shujaa, akapanda farasi pembeni ya mjomba wake mpaka mwenye nafasi aliporudi.

Wapwa zangu mimi nao walinisaidia kuliona hili. Walikuja likizo, nikawawekea vile vipindi vitatu vya mwanzo. Kiingereza chao kilikuwa bado kichanga, tena kile kinachosemwa haraka mwanzoni mwa televisheni kiliwapita kabisa, kwa hiyo wao walitazama nyuso na mikono tu. Walimwona mtu anafika, anatafuta, anabeba, anachimba, anapika, anakaa macho usiku. Yule mkubwa akanigeukia.

"Mjomba, kwani huyu ndiye mkubwa wao?"

Alikuwa anamwonyesha Tonto. Nikamwambia hapana, mkubwa ni yule anayeuguzwa. Akatazama tena kwenye kioo, na kwa uso wake niliona jibu langu halikumridhisha.

Hakuridhika kwa sababu alikuwa hajasikia maneno. Aliyeyasikia anapata picha nyingine, na hapa inanibidi niseme linaloniuma. Tonto amepewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, cha "mimi kwenda mji," mwaka baada ya mwaka, kana kwamba mtu anaweza kuishi na rafiki yake muda wote ule na asijifunze kuunganisha sentensi. Upande wa pili, waundaji wa mchezo walikuwa na kanuni kwamba shujaa aseme lugha safi, isiyo na maneno ya mtaani, ili watoto waige. Kanuni hiyohiyo iliishia kwa mwenye barakoa. Silverheels mwenyewe alikuwa msemaji mzuri na aliandika mashairi. Kila Alhamisi aliingia kwenye kinywa kidogo kuliko chake.

Tazama sasa alichofanya ndani ya kinywa hicho. Chukua tukio ambalo linajirudia karibu kila kipindi: steringi hawezi kuingia mjini na barakoa, watu watadhani ni jambazi, kwa hiyo anamtuma Tonto. Anaingia peke yake. Anamfunga Scout, farasi wake, kwenye mti wa kufungia, anasimama karibu na mlango wa baa, anasikiliza. Mwigizaji wa kawaida hapo angekodoa macho ili watoto wajue anasikiliza. Silverheels hafanyi hivyo. Anatuliza uso wote, kichwa kinageuka kidogo sana, na ukimwangalia vizuri utaona pumzi imekatika. Mara mlevi mmoja au mtu wa genge anamwona na kumuuliza anatafuta nini hapa. Anajibu kwa maneno matatu, polepole, kwa sauti ya chini, bila kuinamisha macho. Maneno ni mabovu. Namna ya kuyasema si mbovu hata kidogo. Ni ya mtu mzima anayeamua kutompa mpumbavu zaidi ya maneno matatu. Mara nyingi anapigwa. Mara nyingi anapigwa na zaidi ya mmoja. Naye akirudi kwenye moto porini anatoa taarifa yote, nani kasema nini, nani alikuwa ameketi wapi, na hadithi inasonga mbele kwa sababu ya taarifa hiyo.

Alitoka wapi mtu huyu? Alizaliwa mwaka 1912 huko Six Nations of the Grand River, ardhi ya mataifa ya wenyeji katika jimbo la Ontario, Kanada, akapewa jina la Harold Smith. Baba yake alipigana Vita Kuu ya Kwanza katika jeshi la Kanada na kutunukiwa nishani. Kijana alipata sifa kwanza kwenye lakrosi, mchezo wa fimbo zenye wavu kichwani ambao ni mali ya watu wake tangu kale, na miaka ya 1930 akawa analipwa kuucheza katika miji ya Kanada na kaskazini mwa Marekani. Alipigana pia ndondi za ridhaa. Mchekeshaji Joe E. Brown alimwona akicheza, akamshawishi ajaribu filamu. Huko Hollywood alianza kwa kusimama nyuma ya umati na kuanguka kwenye farasi badala ya waigizaji wakubwa, kwa miaka mingi, kabla ya mtu yeyote kumpa nafasi yenye jina.

Wepesi wa mwanamichezo bado unauona. Angalia anavyoshuka kwenye farasi: mguu haujagusa ardhi ameshaanza kutembea.

Tukumbuke na nyakati zenyewe. Mwaka 1950 ilitoka filamu ya Broken Arrow, na Silverheels akamwigiza Geronimo. Lakini Cochise, kiongozi mkubwa katika hadithi ile, aliigizwa na Jeff Chandler, mzungu wa Brooklyn aliyepakwa rangi, na ndiye aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuyaondolea mataifa ya wenyeji hadhi yao ya kisheria moja baada ya jingine. Kanada nayo haikuwapa wenyeji wote waliosajiliwa haki ya kupiga kura za taifa bila masharti hadi mwaka 1960. Yaani mfululizo ulianza, ukapendwa, ukaisha, na watu wengi wa pale alikozaliwa Silverheels walikuwa bado hawaruhusiwi kuchagua wabunge bila masharti. Nikiujua huo ukweli, uso ule ulio wazi katikati ya sebule za Marekani unakuwa kitu kikubwa zaidi machoni pangu. Mwaka 1950 nyumba zenye televisheni nchini humo hazikufika hata moja kwa kila kumi, lakini zenyewe ziliutazama mchezo huu kwa wingi. Katika msimu wa 1950 na 1951 ulishika nafasi ya saba kwa watazamaji nchi nzima, wakati ABC ilikuwa kituo kichanga kisicho na mchezo mwingine wa kujivunia.

Kuhusu mengine nipite haraka. Bunduki zipo, lakini shujaa hapigi risasi ili aue. Anaiangusha silaha mkononi mwa adui na kumkabidhi kwa sherifu. Havuti, halewi. Yale mawe yanayoonekana kila wiki ni ya shamba la filamu la Iverson huko Chatsworth, pembezoni mwa Los Angeles, na ukishayazoea utayatambua kwenye filamu nyingine chungu nzima za kauboi. Mdhamini alijua kuuza: tayari wakati wa redio, mwaka 1947, watoto walituma senti 15 na kipande cha boksi la nafaka za Kix wakaletewa pete yenye umbo la bomu la atomiki. Miaka miwili tu baada ya Hiroshima. Hilo hadi leo linanikosesha la kusema.

Wapo pia wanaosema shujaa huyu aliigwa kwa Bass Reeves, Mwafrika aliyezaliwa utumwani Arkansas na kutumikia kuanzia 1875 kama askari wa serikali ya Marekani kwenye eneo la wenyeji ambalo leo ni Oklahoma, akawakamata wahalifu zaidi ya elfu tatu. Ningefurahi sana kama ingekuwa hivyo. Ila hakuna ushahidi kwamba Striker au Trendle walikuwa naye akilini, na Reeves ana makubwa ya kutosha yaliyo yake, hahitaji kuazima barakoa ya mtu.

Mchezo ulipoisha, Moore na Silverheels waligawana urithi kwa namna tofauti. Moore aliendelea kujitokeza na barakoa kwenye maonyesho na hospitali za watoto. Mwaka 1979 kampuni iliyokuwa na haki za mchezo, ikijiandaa kwa filamu mpya, ilipata amri ya mahakama ya kumzuia asiivae hadharani. Akavaa miwani mikubwa ya jua iliyofanana nayo, akaendelea na kesi. Filamu mpya ilitoka mwaka 1981 ikaanguka, na mwaka 1984 akaruhusiwa tena. Ninamheshimu kwa ukaidi huo.

Silverheels hakuwa na barakoa ya kugombea. Katika miaka ya 1960 aliwafungulia wenyeji asili warsha ya uigizaji mjini Los Angeles, Indian Actors Workshop, na kuwafundisha vijana ufundi wenyewe wa kazi: kusimama mbele ya kamera, kusoma mswada, kupanda farasi kwa ajili ya picha. Mji ule ulikuwa umejaa familia zilizohamishwa na serikali kutoka kwenye ardhi zao, na kazi za filamu za "wenyeji" zilikuwa bado zikigawiwa kwa wazungu wa kupakwa rangi. Yeye alijua kuliko mtu yeyote gharama ya kufika pale kwa kuanguka kwenye farasi. Mwaka 1979 akawekewa nyota kwenye njia ya Hollywood, na alifariki Machi 1980. Mwaka 1997 Kanada ikaliingiza jina lake kwenye jumba la magwiji wa lakrosi.

Ukitaka kuuona mfululizo huu, anza na vipindi vitatu vya kwanza kwa mpangilio, maana ni hadithi moja iliyokatwa mara tatu. Kisha tafuta kimoja cha John Hart, halafu kimoja cha Moore baada ya kurudi. Ukiwa na watoto wasiojua Kiingereza, usiharakishe kuwaeleza. Waache watazame, na wakikuuliza nani mkubwa, waulize wao kwanza.